Kufupisha propela ya pikapu ya zamani nyumbani: kazi iko kwenye kupima

Kukata propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu ya ekseli ya nyuma, ni kazi ya dakika chache. Kinachoamua kama gari litatulia au litatetemeka ni kupima na kunyoosha, na huko ndiko muda wako uende. Nimejifunza haya kwa Hilux yangu ya kizazi cha tatu, kile kilichoanza kutoka mwaka 1978. Nilitoa gia boksi ya gia 4 nikaweka ya gia 5, ambayo ni ndefu zaidi. Mkia wake ukasogea kuelekea kwenye difu, na propela ya mwanzo haikuingia tena. Wenye Datsun na Land Rover za zamani wanakutana na jambo hilohilo wakibadilisha injini au gia boksi. Mwenye Peugeot 404 au 504 asifuate maelezo haya, maana propela yake imo ndani ya bomba lililofungwa kwenye difu, na kuifupisha ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Fanya hesabu kidogo ujue unashika kitu gani. Pikapu yenye difu ya uwiano wa 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu) na matairi ya kipenyo cha sentimita 68 hivi, ikienda kilomita 100 kwa saa, propela inazunguka kama mara 3,200 kwa dakika. Gramu 50 za chuma zikizidi upande mmoja wa bomba la kipenyo cha milimita 75, kwa mwendo huo zinalivuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20 na ushei, huku zikizunguka nalo zaidi ya mara 50 kila sekunde. Wanaoumia ni krosi (viungo vya ncha zote mbili vinavyoiruhusu propela kupinda), sili na beringi ya mkia wa gia boksi. Kwa hiyo fundi akikwambia atakata bomba katikati na kulichomelea upya, mkatalie. Na usikubali kabisa kuwekewa kipande cha bomba la maji. Unene wake haulingani pande zote, na halikutengenezwa kwa kazi ya kusokotwa.

Kabla ya kufungua nati yoyote, weka kabari kwenye magurudumu. Propela ikitoka, kuacha gari kwenye gia hakuzuii kitu. Kwa Land Rover za Series ni hatari zaidi, kwa sababu breki ya mkono inashika upande wa propela nyuma ya gia boksi. Ukitoa propela, breki ya mkono huna. Piga alama kwenye flanji ya difu na ya propela ili zirudi zilivyokuwa, kisha weka chombo chini ya mkia wa gia boksi, maana yoki, yaani ule uma wenye meno unaoteleza ndani ya gia boksi, ikitoka oili nayo inatoka.

Sasa pima. Gari liwe limesimama kwa matairi yake mahali pa usawa, uzito wote ukiwa juu ya springi. Ukipima likiwa limeinuliwa kwa chasisi na ekseli inaning'inia, vipimo vyote vitakudanganya. Mwenye shimo la gereji hapa amebarikiwa. Chukua yoki hiyo ya mbele, isukume mpaka mwisho, halafu irudishe nje kama milimita 25. Hapo ndipo inapotakiwa kukaa gari likitulia. Pima kutoka katikati ya tundu la krosi kwenye yoki hiyo mpaka katikati ya krosi ya upande wa difu. Pima propela ya zamani vivyo hivyo, katikati hadi katikati. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo utakayokata. Ikiwa ya zamani ni milimita 1,240 na nafasi mpya ni 1,125, unakata 115. Rudia kupima, na mtu mwingine apime bila kuambiwa namba yako.

Zile milimita 25 si za kupuuza. Gari likiingia kwenye shimo na mzigo, ekseli inapanda na yoki inasukumwa ndani. Isipopata nafasi inagonga na kupasua mkia wa gia boksi. Ukikata kupita kiasi, meno yanayoshikana yanakuwa machache, yoki inacheza, na siku moja inaweza kuchomoka ukiwa mwendoni.

Kabla ya kukata, laza kipande cha engo (chuma chenye umbo la L) juu ya bomba na uchore mstari kutoka ncha hadi ncha. Engo ikikaa juu ya bomba la mviringo inalala sambamba nalo yenyewe. Mstari huo utakuonyesha kama masikio ya yoki mbili yamerudi kwenye mlalo mmoja. Krosi inayofanya kazi ikiwa imepinda haizungushi kwa mwendo sawa. Inaongeza kasi na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili inafuta kosa la ya kwanza, lakini pale tu masikio yakiwa mlalo mmoja na pembe za gia boksi na difu zikilingana. Yakipishana, kubalansi hakutaondoa mtetemo huo.

Toa krosi zote. Kata pale penye mshono wa zamani, upande wa difu, kwa kukereza ukiweza, au kwa grainda taratibu bila kugusa bega la yoki. Igonge yoki ya nyuma itoke, fupisha bomba likatike mraba, kisha irudishe ndani kwa nguvu. Ule mbano ndio unaoinyoosha, kwa hiyo yoki ikiingia kwa kulegea, simama na umpelekee fundi wa kukereza.

Shika kwa nukta nne ndogo za kuchomelea zinazoelekeana. Funga krosi, rudisha propela garini, inua magurudumu ya nyuma kwa stendi chini ya ekseli, weka gia huru na uzungushe kwa mkono huku waya ukiwa umekaribia bomba. Pengo likibadilika kwa zaidi ya nusu milimita, gonga na upime tena. Ikikubali, itoe, ondoa krosi na uchomelee robo kwa robo, upande huu kisha ule unaoelekeana nao, ukiiacha ipoe. Natumia vijiti vya kuchomelea vya 7018 vikavu. Klipu ya waya wa ethi ikae kwenye bomba lenyewe. Umeme ukipita kwenye krosi unatoboa sindano za beringi zake.

Kubalansi mpelekee mwenye mashine. Vibati vya zamani vya kusawazisha viliwekwa kwa urefu wa zamani. Kama mashine iko mbali, gawa bomba sehemu nne karibu na mwisho wa nyuma, funga klipu ya hozi, na uhamishe kichwa cha skrubu sehemu moja baada ya nyingine ukijaribu barabarani kwa mwendo wa kiasi. Itakufikisha kwa mwenye mashine.

Mtetemo ukibaki, weka gia huru gari likiserereka mahali salama. Ukiendelea, tafuta kwenye propela au matairi. Ukikoma, angalia injini na klachi. Baada ya safari za mwanzo kaza tena bolti za flanji na uziongeze krosi grisi.