Nyanya ileile, ladha mbili: namna ya kulinganisha aina za mboga nyumbani

SWALI: Bwana shamba, salaam. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, matuta manne tu. Msimu uliopita nilipanda aina tano za nyanya, kila aina mstari wake: Moneymaker, Roma, San Marzano, Sungold na Black Krim. Black Krim ilitushangaza kwa utamu. Msimu huu nimeirudia kutoka pakiti ileile ya mbegu, na imetoka maji matupu. Hapa nyumbani kila mtu ana nyanya yake anayoitetea na hatuelewani. Je, kuna njia ya kulinganisha ladha za aina mbalimbali bila maabara? Halafu mama mkwe anasema pilipili hoho zangu zitakuwa kali kwa kuwa zimepakana na pilipili kali. Ni kweli? Na nikishapata aina bora, naweza kutunza mbegu zake?

JIBU: Dada, salaam. Nianze na pilipili, maana jibu lake ni fupi. Mama mkwe hajakosea sana, amekosea msimu tu. Nyuki akitoa chavua kwenye pilipili kali akaipeleka kwenye ua la hoho, kinachobadilika ni mbegu zilizo ndani ya tunda. Tunda lenyewe ni mwili wa mmea mama. Ukali hutoka kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, na utando huo ni wa mama, hauna habari na chavua ya jirani. Hoho za msimu huu utakula bila wasiwasi. Lakini ukikausha mbegu zake na kuzipanda, hapo ndipo maneno ya mama mkwe yatakapotimia: baadhi ya miche itazaa hoho zenye sura nzuri na moto ndani. Na kama hoho imewaka msimu huuhuu, lawama ni ya pakiti ya mbegu. Mahindi peke yake ndiyo yanayovunja kanuni hii kwenye bustani za kawaida, kwa sababu kile tunachotafuna ni punje, na punje ndiyo mbegu yenyewe. Mahindi matamu yakichavushwa na mahindi ya unga, utamu unapungua papo hapo.

Sasa nyanya. Kabla hujaihukumu Black Krim, nikuulize: mwaka huu mstari wake uko wapi? Nauliza kwa sababu niliwahi kuiondoa aina moja kwenye orodha yangu kwa misimu miwili, nikiwaambia watu haina ladha. Siku moja nilikuwa nachimba kurekebisha bomba, nikakuta kiungio kimekuwa kikivuja taratibu chini ya mstari uleule. Ile nyanya ilikuwa inakunywa usiku na mchana. Nilipoihamishia tuta jingine ikawa miongoni mwa zile ninazozificha wageni wakija.

Ndiyo maana mstari mmoja kwa aina moja ni mpango mbaya wa kulinganisha. Unadhani unapima aina, kumbe unapima kona ya bustani: kivuli cha ukuta, mahali samadi ilipomwagwa nyingi, upande unaotuamisha maji. Wewe una matuta manne na aina tano, na hiyo ni bahati. Weka mche mmoja wa kila aina katika kila tuta, na mpangilio ndani ya tuta uamuliwe kwa kura. Andika majina kwenye vikaratasi, vichanganye kwenye bakuli, chomoa. Rudia kwa kila tuta. Utakuwa na miche 20, minne ya kila aina, na kila aina itakuwa imeonja raha na taabu ya kila kona. Acha kama sentimita 60 kati ya mche na mche. Roma hufikia kimo fulani ikaacha kurefuka, nyingine nne hupanda mfululizo, kwa hiyo zifunge kwenye miti zisiifunike. Chora ramani ya matuta kwenye daftari siku hiyohiyo. Vibao hufutika kwa jua, na watoto huvihamisha.

Kwenye maji ndipo penye uzito. Ladha ya nyanya ina nguzo tatu: sukari, asidi, na harufu nyepesi zinazopanda puani unapotafuna. Mvua ya siku kadhaa mfululizo matunda yakiwa yanaiva, au kumwagilia kupita kiasi, huyajaza maji na kuzimua vyote vitatu. Nitashangaa kama si hilo lililoipata Black Krim yako. Mche ukishafunga matunda na ya kwanza yakaanza kubadilika rangi, punguza maji kidogo, ila usiuache unyauke leo kisha ukaufurikisha kesho. Mwendo huo wa kukausha na kufurikisha ndio unaopasua matunda, na tangu yakiwa machanga ndio unaoleta kuoza kitako. Weka matandazo mazito yashike unyevu usawa. Mbolea ya naitrojeni nayo iangalie: mche wenye majani meusi ya kijani, mnene kama mti, hukupa kivuli kizuri na nyanya dufu.

Jambo la pili ni hatua ya kuiva, na hapa Black Krim ina ujanja wake. Mabega yake, yaani sehemu inayozunguka kikonyo, hubaki na ukijani hata tunda likiwa limeiva sawasawa. Ukingoja liwe jekundu kote, unakula lililopitiliza. Liminye kidogo upande wa chini. Likilegea kama nyama ya chini ya kidole gumba, lichume. Na usiyadharau mabega ya kijani. Mwaka 2012 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba nyanya nyingi za kisasa, zilizochaguliwa kwa miongo mingi ili ziive kwa rangi moja safi, zina hitilafu katika jeni inayosaidia tunda bichi kujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua. Tulinunua wekundu ulio sawa, tukalipa kwa utamu.

Tena, usilinganishe nyanya za kishada cha kwanza za mche mmoja na za kishada cha tano za mwingine. Chukua zote ndani ya siku mbili, kutoka kishada cha pili au cha tatu, moja moja kutoka kila mche. Na tafadhali zisiingie kwenye friji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliziweka nyanya zilizoiva kwenye nyuzi 5 za Selsiasi kwa siku saba, kisha siku moja nje. Sukari na asidi hazikubadilika sana, ila zile harufu zilishuka na hazikurudi kama zilivyokuwa. Nyanya iliyolala friji ni kama mwimbaji aliyekaukiwa sauti: maneno yapo, wimbo haupo.

Sasa kuonja. Ugomvi wenu nyumbani unatokana na kwamba kila mtu anajua anachokula. Ukimpa mtu kipande chenye rangi ya zambarau ukamwambia kina jina la kigeni, ataonja na hilo jina. Kwa hiyo mwonjaji asijue. Mmoja wenu awe mkataji na asionje. Vikombe vipewe namba za tarakimu tatu zisizo na maana, kama 417, 283, 659. Usitumie 1, 2, 3 wala A, B, C, maana watu huipendelea ya kwanza bila kujijua. Rangi ni mtihani mgumu zaidi. Sungold ni ya rangi ya chungwa na haifichiki, basi wafumbe macho, au onjeni jioni kwenye mwanga hafifu.

Mkataji akate kwa urefu, kutoka kikonyoni hadi kitakoni, kama anavyokata chungwa vipande vya mwezi. Sababu ni hii: ule utelezi unaozunguka mbegu ndio wenye asidi nyingi, na ukuta wa nyama una asidi kidogo. Ukikata vipande vya mviringo, mmoja anapata utelezi mtupu, mwingine anapata ukuta mtupu, na wote wawili wanaapa wanasema kweli kuhusu nyanya ileile. Nimeona meza nzima ikigombana kwa sababu ya kisu tu. Changanya vipande vya miche yote minne ya aina moja kwenye kikombe kimoja. Chumvi hapana. Kati ya kikombe na kikombe, maji mafundo mawili na kipande cha mkate usio na chumvi. Kila mtu aanze na kikombe tofauti, kwa sababu kile cha kwanza mdomoni hupata alama zisizo zake. Vikombe vitano vinatosha kwa siku. Baada ya hapo ulimi unakisia.

Usiwaombe alama kati ya kumi. Waombe wapange: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho. Na maswali yawe mawili, kila moja peke yake: ipi ni tamu zaidi, na ipi ungependa kuongezewa. Mara nyingi majibu hayafanani. Nyanya tamu sana bila asidi watu huisifu kwenye kipande cha kwanza na kuisahau kwenye cha tatu. Rudieni baada ya wiki moja. Kama mpangilio umegeuka juu chini, hamjapata mshindi bado.

Kuna wakati aina mbili zinakaribiana mno, na unajiuliza kama zinatofautiana kweli au ni maneno tu. Hapo tumia vikombe vitatu: viwili vina nyanya ileile, kimoja kina ile nyingine. Mwonjaji atafute kisicho na mwenzake. Anayekisia tu atapatia mara moja katika tatu. Ukiwa na waonjaji sita, subiri watano wapatie ndipo useme tofauti ipo. Wakikisia wote sita, uwezekano wa watano au zaidi kupatia haufiki 2 katika 100, lakini wanne au zaidi wanaweza kupatia kwa bahati mara 10 hivi katika 100. Kosa la kawaida ni kufurahia wale wanne.

Kipimo cha sukari, kile kidude cha kutazamia kinachosoma Brix kwa tone moja la maji ya tunda, ni kizuri ukikipata. Nyanya za kawaida husoma 4 hadi 6, ndogo kama Sungold zinaweza kupita 8. Lakini hakisomi harufu, na asidi inayeyuka kwenye maji kwa hiyo inaingia kwenye namba ileile. Nimeshaonja nyanya ya 7 iliyoshindwa na ya 5. Kitumie kujua kama umemwagilia kupita kiasi, usikitumie kuchagua mshindi.

Na niwatetee Roma na San Marzano kidogo. Hizo ni nyanya za sufuria: nyama nyingi, utelezi kidogo, maji kidogo. Kuzionja mbichi kando ya Sungold ni kumshindanisha mbeba mizigo na mkimbiaji. Zipike kila moja peke yake, uzito uleule, moto uleule, dakika zilezile, bila kiungo chochote, kisha rudia vikombe na namba. Orodha yako inaweza kugeuka kabisa.

Njia hiihii inafaa kwa karoti, saladi na matango, kwa tahadhari moja. Tango au boga likiwa chungu kupita kawaida, teme, usiendelee kuonja kwa ajili ya sayansi. Uchungu huo ni kukurbitasini, na ikiwa nyingi huumiza tumbo vibaya. Kupika hakuiondoi. Pilipili kali nazo, mbili tu kwa siku, ya upole kwanza.

Kuhusu mbegu: Sungold ni chotara, na mbegu zake hazitakurudishia Sungold, zitakupa watoto wa kila sura. Nyingine nne zinatunzika, na kwa kuwa maua ya nyanya hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hata kuwa jirani si tatizo kubwa. Chagua tunda kutoka kwa mche wenye afya, kamua mbegu na utelezi wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, acha siku mbili au tatu mpaka utando ujitokeze juu na utelezi uachie. Usizidishe, zitaanza kuota humo humo. Osha, tandaza kwenye sahani kivulini, si kwenye karatasi, zitagandamana nayo. Zikikauka kabisa zitie kwenye bahasha na uandike jina, tarehe, na namba ya mche kwenye ramani yako. Za hoho, nunua pakiti mpya, au funika maua machache kwa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka na uyatingishe kila asubuhi mpaka yafunge tunda.