Kianzio kwanza, picha baadaye

Mhariri habari za kazi, pole na majukumu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: tufanye nini ili mafundi wa kazi za mikono wafaidike na hii biashara ya fasheni, na je maonyesho na matamasha ya mtaani yanawasaidia kweli au ni kelele tu? Mi nashona makobazi ya shanga hapa Moshi, Pasua, huu mwaka wa tisa, kwa hiyo mnisamehe nikiandika marefu kidogo maana hili swali ni langu kabisa, na kila nikisikia watu wanalijibu wanasema "tununue vya nyumbani" basi wamemaliza wanaondoka.

Kununua sawa. Ila mi naulizaga, umenunuaje?

Kuna duka moja la zawadi za watalii, silitaji, lilichukua kwangu pea 20 kwa mali kauli. Wafanyabiashara mnaijua hiyo, unaacha mzigo, ukiuzika unapewa hela yako, usipouzika unarudishiwa mzigo wako, hakuna risiti wala nini ni kauli tu. Siku ile nilifurahi mpaka nikajinunulia soda, nikaona sasa nimetoka. Tulikubaliana 18,000 kwa pea, wao wakabandika 45,000, na hiyo 45,000 wala siilalamikii, mtu ana kodi ya fremu, ana wafanyakazi, na dereva aliyeleta watalii naye anasubiri kamisheni yake pale nje. Ishu haikuwa bei.

Ishu ni kwamba pea moja inakula hela yangu kama 10,000 kabla sijagusa sindano. Soli na ngozi 7,000, shanga na uzi na gundi 3,000. Halafu ndo kazi inaanza, shanga nazimwaga kwenye sinia, nakaa mlangoni kwenye mwanga maana ikifika jioni nyeusi na bluu iliyokolea huwezi kuzitofautisha, sindano yenyewe nyembamba mpaka kuitia uzi namwita mtoto, unaokota shanga nne unazishusha kwenye ngozi unarudi nyuma unapita tena kwenye mbili za mwisho ndo zikae, ukivuta sana mkanda unajikunja, ukilegeza mteja akijikwaa mara moja tu shanga zote ziko barabarani. Na uchague shanga, zile za Czech zinalingana saizi, zile za bei poa moja nene moja nyembamba kama meno ya mtoto anayeota, mstari haunyooki hata ufanyeje. Siku moja na nusu pea imeisha, kama hakuna msiba mtaani.

Sasa pea 20 ni 200,000 yangu imelala kwenye rafu ya mtu. Baada ya miezi mitatu nikaenda, shikamoo dada, marahaba, nikaambiwa zimeuzika saba. Nikapewa 126,000. Mbili nikarudishiwa, zilikaa dirishani jua likazipiga gundi ikaachia, hizo hasara yangu. Zilizobaki 11 "ziache ziache wageni watakuja Julai". Na mi kikoba kila Alhamisi kinataka rejesho, kikoba hakijui Julai. Kwa hiyo ukiangalia vizuri nani alimkopesha nani pale? Mi mwanamke wa Pasua ninayeshonea mlangoni ndo nilimkopesha mwenye duka, tena bila riba!

Kuna binti alikuja kujitolea hapa Moshi, wanakuja wengi mnawajua, akanisomea kanuni 10 za World Fair Trade Organization, hilo ndo shirika la dunia la hawa watu wa biashara ya haki. Zipo za mazingira, za kutotumikisha watoto, za wanawake kulipwa sawa, zote nzuri sijapinga. Ila ya tatu nilimwambia rudia. Inasema mnunuzi wa kazi za mikono, fundi akiomba, amlipe angalau asilimia 50 mapema, bila riba. Nikamwambia niandikie hiyo, na mpaka leo imebandikwa ukutani juu ya kalenda.

Wala siyo mambo ya kizungu jamani. Babu yangu alikuwa na kahawa Kibosho, anapeleka chama cha msingi, chini ya KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro ulioanza 1933, siku anayopeleka anapewa malipo ya awali, kahawa ikishauzwa mnadani anaongezewa. Bei alilalamikia kama wakulima wote, ila hajawahi kuambiwa acha gunia hapa tukiuza tutakupigia.

Nasikia watu wa fasheni tangu lile jengo la Rana Plaza lianguke kule Bangladesh, 24 Aprili 2013, wakafa zaidi ya watu 1,100, wengi wanawake wa kwenye cherehani, na nyufa zilikuwa zimeonekana jana yake wakaambiwa waingie kazini hivyo hivyo, basi tangu hapo kila mwaka kuna kampeni wanauliza nani ameshona nguo zangu. Swali zuri, linaumiza. Mi ningeongezea moja dogo tu: na alilipwa lini?

Haya, maonyesho. Mwaka juzi niliitwa Arusha kwenye tamasha, kulikuwa na fasheni shoo na vibanda vya wajasiriamali. Meza 60,000 unalipa kabla. Mamodo wakapita na makobazi yangu, kiukweli walipendeza mno, mpaka nikasimama kwenye kiti nione, mshereheshaji akataja mbunifu wa magauni, akataja wadhamini, akataja aliyepamba ukumbi, makobazi kimya, yaani kama yalijishona. Picha nilipigwa labda 50, kila mtu "mama shika hii, cheka kidogo". Nikauza pea tatu kwa 25,000, jumla 75,000, toa meza inabaki 15,000, toa nauli ya kwenda na kurudi Moshi na chipsi za mchana, we malizia mwenyewe, na hapo sijagusa gharama ya ngozi. Na katika hao watatu wawili walikuwa wenye meza wenzangu, tulinunuliana kwa kuoneana huruma.

Sasa linganisha na kwetu. Sisi Walutheri Jumapili baada ya ibada kuna mnada nje, mkungu wa ndizi, kuku, mayai, sadaka za waumini, watu wanapandishiana bei wanacheka. Mwaka jana kina mama tuliruhusiwa kuweka meza zetu pembeni baada ya mnada, hakuna cha kulipia, unatoa unachojisikia kwenye kikapu. Mwenzangu mmoja alileta vikapu, mwingine batiki, mi makobazi. Sikuuza sana siku ile, pea nne. Ila waliopita pale ni watu wanaonijua, wanajua nakaa wapi, wanajua nikiharibu watanipata wapi, na wiki ya pili yake akanipigia mama mmoja wa kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, anataka pea 14 za mashangazi, sare, rangi iende na kitenge.

Hapo ndo nimefika kwenye jibu langu mhariri. Fasheni shoo ya kweli ya Moshi ni sendofu. Na kipaimara, na komunyo, na Desemba Wachagga wote wakirudi nyumbani na hela za Dar, ukitaka kuona nguo mpya simama stendi tarehe 22. Na kamati za sherehe zina kitu kimoja maduka hayana, zimezoea kianzio, yaani hela ya kutanguliza. Ukumbi unalipwa kianzio, mpishi kianzio, mapambo kianzio, kwa hiyo na mi nilipotaja kianzio mwenyekiti wala hakushtuka. Pea 14 kwa 22,000 ni 308,000, nusu yake 154,000 ikaingia kwenye simu kabla sijanyanyua mkasi. Ngozi soli shanga zote zikatoka humo, 140,000, ikabaki 14,000 nikanunua luku na unga. Sikukopa popote. Kamati haijawahi kusikia kanuni ya tatu hata siku moja na imeifuata vizuri kuliko duka lenye kibao cha kusaidia jamii.

Kwa hiyo wanaoandaa matamasha, mi nawaomba acheni kutuuzia meza, chukueni asilimia kwenye kile tutakachouza, tusipouza nanyi mmekosa ndo mtajitahidi kuleta wanunuzi siyo wapiga picha. Modo akipita mtaje na fundi wa viatu, kutaja jina ni bure. Wekeni daftari la oda mezani, mtu akipenda aandike saizi na rangi alipe nusu kwenye namba ya fundi mwenyewe, siyo ya kamati ya tamasha, hilo limeshaniunguza ila tuache.

Na wenye maduka siwachukii, mjue. Chukueni pea tano mlipe tano, kuliko 20 za mali kauli. Kule Arusha kuna karakana inaitwa Shanga, wanayeyusha chupa wanatengeneza shanga na glasi, wameajiri watu wenye ulemavu, mgeni anaingia anamwona anayetengeneza anamsalimia. Siyo kila mtu anaweza kujenga kitu kama kile, ila kununua pea tano kwa keshi mbona inawezekana.

Na sisi wazawa tusijitoe. Soko la Wamasai pale Arusha mzungu anaomba apunguziwe 5,000, Mtanzania anataka nusu bei na zawadi ya hereni juu. Hata mimi, tusidanganyane, viatu vya shule vya wanangu nachukua mtumba soko la Memorial, hela ndo inavyotaka. Sisemi kila kitu mnunue kwa fundi. Nasema kile kimoja utakachomwagiza, tanguliza nusu.

Inabidi niishie hapa, shangazi wa bibi harusi wa Jumamosi amepiga mara ya tatu, anasema ile bluu siyo ile, na pea tisa zimeshaisha.