Ukiambiwa mbegu ya muhogo "haiugui", uliza haiugui nini

Mimi nauza pingili za muhogo huku Kasulu, na siku hizi wateja wananisumbua kweli, muhogo wa GMO, yaani uliobadilishwa jeni maabara, utafika lini, mbona Kenya wameshapitisha. Ni kweli 2021 Kenya waliidhinisha muhogo wa GMO unaohimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kwetu Tanzania bado, hata majaribio ya mahindi ya GMO kule Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa 2018, kwa hiyo mtu akikuuzia pingili sokoni kwa jina hilo muache na mzigo wake.

Ila hata ikija msidhani jeni likishaingia basi kazi imeisha. Kwenye mahindi unaliingiza kwenye aina moja halafu unazalisha na aina unayoitaka, unarudia tena na tena mpaka ile aina yako inarudi ikiwa na jeni ndani. Muhogo haukubali huo mchezo, otesha mbegu za kwenye matunda yake uone, kila mche unatoka kivyake na aina uliyoizoea ndo imepotea hivyo. Ndo maana wataalamu wanaliweka jeni kwenye seli za aina yenyewe, wanazikuza maabara mpaka ziwe mche.

Sasa sikia kilichotokea kwa TME 204, aina ya muhogo inayohimili ugonjwa wa batobato vizuri tu. Watafiti walitaka kuiongezea kinga ya michirizi, miche ikatoka maabara, kufika shambani batobato ikaishika! Na jeni jipya halikuwa na kosa, maana hata miche iliyopitia maabara bila kuwekewa chochote nayo ilipoteza kinga. Ripoti ilitoka 2016, na mimi tangu niisikie neno "haiugui" halinitoshi tena.

Kwa hiyo uliza magonjwa yote mawili, kila moja peke yake, iwe GMO iwe mbegu ya jirani. Batobato angalia majani machanga ya juu, yamejikunja na yana mabaka. Michirizi nenda majani ya chini yaliyokomaa, njano inafuata vile vishipa vidogo. Halafu ng'oa mashina kadhaa sehemu tofauti za shamba ukate mizizi vipande vipande, maana juu panaweza kupendeza ukakuta ndani kuoza kukavu kwa kahawia. Muuzaji akikataa using'oe, ondoka. Na onja ugali wake kabisa, usipoenda na dagaa hiyo mbegu mkeo hataitaka hata iwe na jeni kumi.