Tangazo linasema "wazawa wa lugha tu": niombe au niache?

Mkuu, umesema una stashahada ya ualimu na miaka sita darasani, ila tangazo la kufundisha Kiingereza mtandaoni linataka "wazawa wa lugha tu", yaani waliozaliwa nayo. Omba.

Mimi ubaguzi huo umenipiga na umenibeba. Kwenye Kiingereza fomu iliuliza pasipoti ya nchi gani, nikajaza, nikakataliwa kabla hata sijasikika. Mwezi huohuo kampuni nyingine ikanichukua nifundishe Kiswahili, cheti hawakuuliza. Nimezaliwa nacho, basi.

Wiki ya pili mwanafunzi akaniuliza: "Mbona mnasema rafiki mzuri, halafu rafiki yangu? Kwa nini isiwe rafiki wangu?" Nikamjibu ndivyo tunavyosema. Akaandika daftarini huku uso umemkunjamana. Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Dakika mbili tu: rafiki ni kiumbe hai, kwa hiyo sifa na kitenzi hufuata ngeli ya mtu; ila majina ya uhusiano yasiyo na kiambishi cha m-/wa-, kama dada, jirani na rafiki, kwenye umilikaji hubaki na yangu na zangu. Yeye jambo hilo lilimtoa jasho. Mimi nilikuwa nalipita kila siku bila kuliona.

Mzawa ana faida yake, sikatai: sikio linakamata haraka sentensi iliyo sahihi kisarufi lakini hakuna anayeisema.

Imani hii ina historia. Mkutano wa ufundishaji wa Kiingereza uliofanyika Makerere, Uganda, mwaka 1961 ulishikilia kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson akaliita dai hilo upotofu. Mwaka huohuo mtafiti Donald Rubin wa Marekani alichapisha jaribio: wanafunzi walisikilizishwa sauti ileile ya mhadhiri, ila wakaoneshwa picha tofauti. Waliooneshwa sura ya Kiasia wakaelewa pungufu kuliko wenzao. Sasa hapo lafudhi ina kosa gani?

Kwenye barua usijitetee lafudhi. Taja kosa moja wanalolirudia wanafunzi wako na unavyolitibu, kisha ambatanisha rekodi ya somo, dakika tano zatosha. Wakisema ni sera, wakumbushe kuwa TESOL, chama cha walimu wa Kiingereza, kilitoa tamko la kupinga ubaguzi huu mwaka 2006. Mimi nilituma rekodi ya namna hiyo kwa waajiri watatu. Wawili kimya mpaka leo. Wa tatu ndiye anayenilipa.