Swali la Lugha: Saa Zimepishana au Zinapishana?

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uhandisi kuhusu mawasiliano yasiyotumia waya yanayosafirishwa kwa mwanga unaoonekana. Anwani yangu ni "Usahihishaji wa Tofauti ya Saa kwa Maunzi", yaani kwa sakiti badala ya programu. Msimamizi ameipigia mstari yote bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Msomaji akikutana na "tofauti ya saa" atadhani unazungumzia ile ya saa sita iliyopo kati ya Nairobi na Tokyo. Wewe unazungumzia fuwele mbili za kwazi, moja kwenye taa ya LED inayotuma na nyingine kwenye kipokezi, ambazo kila moja inahesabu muda kivyake.

Mafundi wa saa wamekwisha kutupatia msamiati. Saa "iliyo mbele" imezidi kwa kiasi kisichobadilika, ilhali saa "inayokimbia" inazidi kila dakika. Viambishi vya hali, -me- na -na-, vinafanya kazi hiyohiyo: ukiandika kwamba saa mbili zimepishana, umetaja pengo lililotulia, ukiandika zinapishana, umetaja pengo linalokua. Katika fani yako tofauti hiyo si pambo. Fuwele mbili zenye ukengeufu wa sehemu 20 kwa milioni kila moja, zikielekea pande zinazopingana, zitaachana kwa sehemu 40 kwa milioni, yaani biti (alama moja ya 0 au 1) nzima katika kila biti 25,000, na hapo kipokezi kitaruka biti au kuisoma mara mbili. Pengo lililotulia huondolewa mara moja mwanzoni mwa ujumbe. Linalokua halina budi kufuatiliwa muda wote.

Kuhusu "usahihishaji", tunasahihisha kilichokwisha kuandikwa, kama mtihani au makala. Neno hilo lingefaa iwapo sampuli (vipimo vya mwanga uliopokelewa) zingehifadhiwa zilivyo, kisha programu ikazikokotoa upya. Sakiti yako haifanyi hivyo. Inatazama ukingo wa kila badiliko kutoka mwanga kwenda giza, na ukingo ukifika kabla ya wakati uliotarajiwa, inatambua kwamba saa yake inachelewa, hivyo inabadilisha kidogo volteji ya fuwele ili iongeze mwendo. Huko ni kurekebisha, kwa kuwa kinachoguswa ni chombo kikiwa kazini. (Kwa sababu hiyohiyo usimbaji wa Manchester, namna ya kugeuza biti kuwa mwanga na giza ambayo imo katika IEEE 802.15.7 ya mwaka 2011, kiwango cha mawasiliano ya mwanga unaoonekana, huifaa sana sakiti ya namna hii: kila biti huwa na badiliko katikati yake, kwa hiyo saa haikosi ukingo wa kuufuata hata biti zinazofanana zikifuatana.)

Ukifikiria kutumia "kulinganisha" badala ya "kurekebisha", nisingekushauri, kwani wengi watalielewa kuwa ni kupima kimoja dhidi ya kingine tu.

Limebaki suala la mpangilio wa maneno. "Tofauti ya saa kwa maunzi" inasomeka kana kwamba maunzi ndiyo yaliyoleta tofauti, kwa hiyo yasogeze karibu na tendo lake. Na kwa kuwa nomino haibebi hali ya kitenzi, neno "mwendo" litachukua nafasi ya -na- katika anwani. Ningeandika: "Urekebishaji kwa Maunzi wa Tofauti ya Mwendo wa Saa katika Mawasiliano ya Mwanga Unaoonekana". Ndani ya ikisiri, ambako una vitenzi, andika kwamba saa za kitumaji na kipokezi zinapishana.