Habari za jumuiya kwenye chuo kidogo cha Kikatoliki: namna ya kuzipata, kuzihakiki na kuziandika

Chuo kikubwa kina ofisi ya habari na watu wanaolipwa kuifanya kazi hiyo. Chuo kidogo cha Kikatoliki, chenye wanafunzi mia tatu au mia tano, mara nyingi kina mhadhiri mmoja aliyeongezewa jukumu, sista wa maktaba, na wanafunzi wawili wenye simu nzuri. Matokeo yake jarida huwa na sura ileile kila toleo: askofu alikuja, mkuu wa chuo alihutubia, utepe ukakatwa. Wakati huohuo mpishi ametimiza miaka 25 kazini, makala ya mwanafunzi wa mwaka wa pili imekubaliwa na jarida la kitaaluma, na hakuna aliyeandika hata mstari. Habari zipo tele, ila haziulizwi, au zinaulizwa vibaya.

Swali linaloua jarida ni "mna habari yoyote wiki hii?" Jibu lake ni "hakuna", kwa kuwa anayeulizwa anadhani habari ni lazima iwe na hema na spika. Uliza kwa vitenzi. Nani amemaliza? Nani ametetea tasnifu? Nani amechaguliwa, amechapishwa, amepandishwa cheo? Nani amefunga ndoa, amejifungua, amestaafu, amefiwa? Halafu ongeza moja: nani mwaka huu anafikisha 10, 25 au 50 ya kitu chochote? Swali hili hufukua mengi kuliko mengine yote, maana vyuo vya Kanisa vimejaa jubilei za upadre, za nadhiri na za utumishi ambazo wenyewe wanaona aibu kuzitaja.

Wa kuwauliza msiwachague kwa cheo. Wakuu wa idara wana shughuli nyingi na wataahidi tu. Chukueni karani wa ofisi ya msajili, matroni wa bweni, kiongozi wa kwaya, kocha, na mlinzi wa getini. Mlinzi humjua mgeni kabla mkuu wa chuo hajamsalimia. Kila mmoja aulizwe siku ileile ya wiki, kwa mdomo au kwa ujumbe mfupi, na anayekusanya ajaze fomu ya nusu ukurasa: jina kamili kama mwenyewe anavyoliandika, kozi na mwaka, au kitengo, jambo lenyewe kwa sentensi moja, tarehe na mahali, nani aliyetoa tuzo na washindani walikuwa wangapi, mtu wa kuthibitisha na namba yake ya simu, na kama mhusika amekubali jina na picha vitumike. Fomu isiyo na mtu wa kuthibitisha hairuhusiwi kuingia kwenye toleo, hata iwe imeletwa na nani.

Kalenda nayo hufanya nusu ya kazi, mradi itengenezwe kabla mwaka wa masomo haujaanza. Wekeni sikukuu ya somo wa chuo (msimamizi wake wa mbinguni), Mt. Thoma wa Akwino tarehe 28 Januari, Mt. Sesilia tarehe 22 Novemba kwa ajili ya kwaya, mahafali, mafungo na mitihani. Kosa la kawaida ni kunakili tarehe za mwaka jana. Jumatano ya Majivu inaweza kuangukia popote kati ya tarehe 4 Februari na 10 Machi. Sherehe ya Mt. Yosefu ni tarehe 19 Machi, lakini ikikutana na Dominika ya Kwaresima inasogezwa, kwa kawaida hadi Jumatatu. Chuo chenye jina la Mt. Yosefu kikichapisha mialiko bila kuangalia kalenda ya liturujia, padre mlezi ndiye atakayebaki akijibu simu.

Kwa kikosi chenyewe cha habari, kuna tarehe mbili zinazofaa kuzungukwa na semina. Ya kwanza ni 24 Januari, kumbukumbu ya Mt. Fransisko wa Sales, somo wa waandishi wa habari, siku ambayo kwa desturi ujumbe wa Papa kuhusu mawasiliano hutolewa. Ya pili ni Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, iliyoagizwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Katika sehemu nyingi huwa Dominika inayotangulia Pentekoste. Kati ya tarehe hizo mbili mnapata miezi kadhaa ya kuwafunza wanafunzi wapya kabla wale wa mwaka wa mwisho hawajaondoka. Kikosi kinachosubiri wakongwe waondoke ndipo kitafute warithi huanza upya kila mwaka.

Kuandika mafanikio

"Wanafunzi wetu wamefanya vizuri sana na kukiletea chuo sifa kubwa." Sentensi hii inaweza kuchapishwa na chuo chochote, mwaka wowote. Linganisha na hii: "Wanafunzi wanne wa ualimu wameshika nafasi ya pili kati ya vyuo tisa kwenye mdahalo wa kanda." Hapa hakuna neno la sifa, lakini msomaji amesifu mwenyewe. Idadi ya washindani isiachwe kamwe. Nafasi ya tatu kati ya timu tatu ni kweli, lakini akigundua mtu, toleo zima linakuwa kichekesho.

Neno la hatari kuliko yote ni "wa kwanza". Mwanafunzi wa kwanza kupata ufadhili fulani, sista wa kwanza kuongoza kitivo: kabla ya kuliandika, mtu mmoja afungue majalada ya zamani na mwingine apige simu kwa mstaafu wa siku nyingi. Msipopata uhakika, andikeni jambo lenyewe bila neno hilo, halipungui chochote. Vilevile kushinda, kuteuliwa kuwania na kushiriki ni mambo matatu tofauti. Cheti cha ushiriki si tuzo, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu.

Alama za mtihani hazitolewi bila ridhaa ya mwanafunzi. Habari za ufadhili ziandikwe kwa staha: jina la mfuko, kozi anayosoma, anachotarajia kufanya. Umaskini wa nyumbani kwake si mali ya jarida. Wapo wanaoamini wafadhili hutoa zaidi wakisoma machozi. Inawezekana, lakini kijana huyo atakaa darasani na wenzake waliosoma machozi hayohayo.

Majina, vyeo na herufi

Hapa ndipo wasomaji wa chuo cha Kikatoliki wanapokuwa wakali, na wana haki. Kardinali ni Mwadhama, askofu ni Mhashamu. Frateri, yaani anayesomea upadre, si padre, na shemasi hajawa padre. Bruda, mtawa wa kiume asiye padre, anaweza kubaki bruda maisha yake yote, kwa hiyo usimwandike kana kwamba yuko njiani kuelekea upadre. Padre wa jimbo haandikiwi herufi za shirika. Padre mtawa anaandikiwa, nazo zikae sawasawa: SJ kwa Mjesuiti, OSB kwa Mbenediktini, OP kwa Mdominiko, OFMCap kwa Mkapuchini. Kwa masista ulizeni shirika lenyewe, kwani mashirika mengi ya kijimbo yana vifupisho vinavyofanana.

Nadhiri za kwanza na nadhiri za daima zisichanganywe. Kama somo wa chuo ni Mwenyeheri, asiandikwe Mtakatifu kabla Kanisa halijamtangaza. Majina yote, hata yale mnayodhani mnayajua, yasomwe na mwenye jina kabla ya kuchapishwa. Kazi hii huchukua siku moja tu, nayo huzuia malalamiko mengi kuliko uhakiki mwingine wowote.

Miito ina adabu yake. Anayejiunga na unovisi (kipindi cha majaribio ya utawa) atangazwe baada ya kupokelewa, si anapopeleka barua ya maombi. Anayeacha malezi hatangazwi kabisa, wala kwa fumbo. Ndoa iingie baada ya kufungwa. Msiba usitoke kabla familia, au shirika kama marehemu ni mtawa, haijathibitisha kwamba ndugu wa karibu wote wameshaambiwa. Kwenye kundi la WhatsApp la chuo taarifa ya kifo hukimbia haraka kuliko familia, na hakuna masahihisho yanayoweza kurudisha hilo.

Picha na uchapaji

Kabla ya Misa kubalianeni na padre mahali pa kusimama. Fleshi izimwe wakati wa mageuzo, mkate na divai vinapowekwa wakfu, na msipige nyuso za watu wanaopokea Komunyo. Maelezo ya picha yaandikwe palepale, majina kutoka kushoto, maana siku tatu baadaye hakuna anayekumbuka yule wa pili safu ya nyuma ni nani. Picha zitumwe kama faili la nyaraka, kwani zikitumwa kama picha za kawaida WhatsApp huzibana, na kwenye karatasi zinatoka na ukungu. Ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya nusu ukurasa iwe na pikseli 2480 kwa 1754.

Jarida la kukunja na kubana katikati lazima liwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne: 8, 12 au 16. Mkifika 13, kateni moja. Habari fupi iwe na maneno 60 hadi 80, habari kuu isizidi 450, maelezo ya picha yasizidi 25. Kuhusu muda, kwa chuo kidogo mara moja kwa mwezi inatosha: mwisho wa kupokea uwe Jumatano, uhariri Alhamisi, usomaji wa mwisho Ijumaa na mtu ambaye hakuandika chochote, kisha nakala zitolewe Dominika baada ya Misa, watu wakiwa bado uwanjani.

Kosa likitokea, lisahihishwe kwenye toleo linalofuata, ukurasa wa pili, kwa kutaja lililoandikwa na lililo sahihi. Nakala mbili za kila toleo zipelekwe maktaba, na faili la PDF lipewe jina linaloanza na mwaka kisha mwezi, ili yapangike yenyewe. Fomu za ridhaa zihifadhiwe pamoja nalo, si kwenye simu ya mwanafunzi atakayehitimu mwezi wa kumi na moja.