Jibu: Gari kupanda moto kwenye foleni ya feri

Salama ndugu yangu. Nimekusoma: gari yapanda moto ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni, ukishavuka ukashika njia ya Ukunda mshale wa joto unashuka, na kesho waipeleka gereji. Kama ni hivyo, ningeanza na feni kabla ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Gari ikienda, upepo wa barabarani huipoza rejeta. Ikisimama, hutegemea feni tu.

Jioni hii washa injini na AC, fungua boneti usikilize. Gari nyingi, AC ikiwaka feni nayo huanza. Ikiwa kimya, mwambie fundi aanze na fyuzi, rilei (swichi ya umeme) na waya za feni. Yangu ilikuwa plagi ya feni imeshika kutu ya kijani, chumvi ya huku kwetu pwani hiyo, na nilikuwa nishauziwa rejeta nzima!

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa angalia maji ya rejeta (ikiwa moto usiguse kifuniko chake), kisha chungulia chini ya kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa, huenda gasketi ya hedi, inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imeharibika. Hapo usiiendeshe, muite fundi aje.

Injini usiioshe kwanza. Madoa ya maji yaliyokauka ndiyo yatakayomuonyesha panapovuja. Piga picha ya kilomita na geji ya mafuta, na mwambie fundi asibadilishe kitu kabla ya kukupigia. Spea kuukuu akurudishie.